Rangi ya Kucha kwenye Betri ya Mwalimu

Wateja wengine huja gereji na ufunguo wa gari na haraka zao. Mwalimu alikuja na kigoda, miwani ya kusomea, na chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha aliyoichukua kwa mke wake. Kigoda kilikuwa cha kukalia, hatua mbili kutoka kwenye gari, si zaidi. Rangi ilikuwa ya kutia alama. Alipaka nukta moja nyekundu kwenye kila kitu nilichotaka kugusa: plagi, betri ndogo ya kwenye buti, kifuniko cha oili, hata nati za magurudumu. Nikimaliza kazi alivaa miwani yake na kuzitafuta nukta zake moja moja. Akizipata zote alisema, "Sawa, leo hamkuniibia," akalipa, akaenda zake.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Gereji yangu iko mtaa wa West Indies, na kwa miaka mingi nimeshughulika zaidi na haibridi, haya magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Yalipoanza kuingia hapa Eldoret mafundi wenzangu waliyakimbia, wakisema umeme wake utamkausha mtu. Mimi nikaona hapo ndipo penye ugali wangu. Mwalimu alikuwa mmoja wa wateja wangu wa kwanza. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia, akiishi Kimumu, na shamba lake la mahindi lilikuwa upande wa Plateau. Jina lake sitalitaja. Hata mke wake alimwita Mwalimu, na nikilitaja mimi nitajihisi nimeingia ofisi ya walimu bila kubisha.

Gari lake lilikuwa saluni ndefu ya kijivu, ya Kijapani, ya mtumba. Majirani walishangaa. Barabara za kwao mvua ikinyesha ni matope matupu, na saluni ile ilikuwa chini kiasi kwamba ikivuka tuta ililalamika tumbo zima. Nilimwuliza kwa nini mzee mwenye shamba asinunue pikapu.

"Pikapu kila mtu anakuja kuomba," akanijibu. "Leo mbolea, kesho maiti. Saluni wanaiogopa kidogo."

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ilikuwa vituo vya mafuta. Mwalimu aliamini kwamba katika mji huu wote hakuna pampu inayosema ukweli. Akiingia kituoni alishuka, akasimama pua kwa pua na pampu, akamwambia kijana wa kuweka mafuta aondoe mkono kwenye mpira ili wote wauone. Alihakikisha namba ziko sufuri, kisha akamtaka azirudishe sufuri tena, maana sufuri ya kwanza huenda ilikuwa ya mteja mwingine. Baada ya miaka ya vita hivyo aliamua kwamba hana haja ya kutafuta pampu ya mkweli. Angenunua gari ambalo halikutani nazo mara kwa mara.

Na gari lilimtii. Lakini hakuliamini. Kwenye dashibodi kulikuwa na skrini inayokwambia umekwenda kilomita ngapi kwa kila lita, na Mwalimu aliichukia skrini ile kwa moyo wake wote. "Mwanafunzi hajisahihishii mtihani," alisema. Kwa hiyo alipima mwenyewe. Alisubiri tangi likaribie kukauka, akatia lita tano kwa jerikani aliyoipima nyumbani kwa chupa za maji, akaenda Plateau na kurudi mpaka gari likaanza kulalamika. Lita tano zilimpeleka na kumrudisha mara mbili. Alikuja kwangu siku hiyo na uso wa mtu aliyepata alama nzuri ambazo hakuzitarajia, na skrini ilikuwa inasema jambo lile lile kasoro kidogo tu. Nilidhani sasa atatulia. Alizunguka gari mara moja, akasimama.

"Basi kuna mahali hawa wameelewana," akasema, na hadi leo sijui alimaanisha skrini na nani, jerikani au mimi.

Hata hivyo alilipenda. Mtu anaweza kupenda kitu na kukishuku kwa wakati mmoja, na Mwalimu alikuwa bingwa wa hilo. Alipenda kunieleza jinsi linavyopanda milima. Huku kwetu juu hewa ni nyembamba, na injini ya petroli peke yake hupumua kama mgeni wa Mombasa aliyeamua kukimbia na wanariadha wa Iten. Mota ya umeme haijali hewa. Alipoteremka bondeni Kerio betri ilijaa yenyewe kwa kushuka tu, bila injini kufanya lolote, na aliporudi juu lilimpandisha kona zile zote bila kelele. Alinichorea jambo hilo kwenye vumbi la bodi kwa kidole, na mishale, nguvu inakotoka na inakoenda. Breki pia zilimfurahisha. Pedi zake zilikaa miaka bila kubadilishwa, kwa sababu mota ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kulipunguza mwendo. Kila mara nilipomwambia pedi bado nzima, alinitazama kwa muda. Fundi asiyetaka kumuuzia pedi alimtia wasiwasi kuliko yule anayetaka.

Kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa ukimya. Haibridi ikienda polepole haina sauti, inateleza tu. Mwalimu aligundua mapema kwamba anaweza kuingia shambani kwake Plateau bila mtu kusikia. Aliwakuta vibarua wamekaa wanapiga domo, jembe moja limelala huku na jingine kule. Hakuwafokea. Alizima gari, akateremsha kioo, akasema, "Habari ya kazi?" Walimwambia siku moja kwamba gari hilo si la Mkristo. Alinisimulia hayo akicheka mpaka miwani ikamtoka.

Nisije nikamchora upande mmoja tu. Mtu huyu aliyehesabu nati za magurudumu yake aliacha ufunguo wa nyumba yake kwa jirani kila alipokwenda shambani, na jirani huyo alikuwa na madeni kila duka. Mtu huyu aliyenunua saluni ili asiombwe gari ndiye aliyekuwa akiwapeleka wagonjwa wa Kimumu hospitali, na akina mama wazee kanisani, wanne nyuma na mmoja mbele, akilalamika njia nzima. Na hakuwahi kuniomba nimpunguzie. Siku moja kwa hiari yangu nilimwambia alipe kidogo kwa sababu kazi ilikuwa ndogo. Alikasirika.

"Ukinipunguzia hapa, umenikata wapi?" aliniuliza. Nikamwambia alipe yote. Akalipa yote, roho ikatulia.

Mke wake, ambaye wote tulimwita Mama, alikuja naye mara nyingi. Alikaa chini ya kibanda cha gereji na mfuko wake wa uzi, vidole vikienda bila yeye kutazama. Nyumbani kwake, nilivyosikia, kila kitu kilivaa kitambaa cha kufuma: viti, meza, redio, jagi la maji. Alimfumia mke wangu kimoja cha meza, cheupe chenye ua la samawati katikati, na mpaka leo hakiwekwi sufuria. Yeye ndiye aliyekuwa akimtania Mwalimu mbele yetu.

"Msimjali huyu," alituambia. "Mimi mwenyewe tumeoana miaka mingi na bado ananihesabu meno."

"Na moja halipo," Mwalimu akajibu kutoka kwenye kigoda chake. "Sijasahau."

Mama alipokuwepo tuhuma zote zilikuwa mchezo. Nilikuja kujua hilo baadaye.

Na mimi pia, lazima niseme, nilikuwa na tuhuma zangu. Betri kubwa ya gari lile iko nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria, na ina feni yake ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari ili kuipoza. Hewa huingia kupitia matundu yaliyo kando ya kiti, chini karibu na sakafu. Nilipoisafisha feni hiyo mara ya kwanza nilikuta imejaa manyoya ya kijivu, laini, yamejisokota. Nilimwonyesha.

"Mwalimu, unabeba nini huku nyuma?"

"Nabeba watu."

"Watu hawana manyoya."

Alivaa miwani, akarudi kwenye nukta zake. Basi nikajiambia moyoni, huyu mzee anabeba kondoo kwenye kiti cha saluni na anaona aibu kusema. Nilimweleza shemeji yangu, tukacheka wiki nzima. Shemeji huyo, ndugu wa mke wangu, ndiye niliyekuwa nikifanya naye kazi. Mtu mrefu, mkimya, mikono misafi kuliko yangu. Kila Mwalimu alipoingia Shemeji alininong'oneza, "Mee." Sikuuliza tena juu ya manyoya. Niliyatoa, nikayatupa, nikawa nimeshalijua jibu.

Mwaka wa pili tangu alinunue, gari lilianza kunywa. Safari ya Plateau iliyokuwa ikila tone ikaanza kula kikombe. Injini iliwaka pale ambapo zamani mota ilitosha, na mlima uliokuwa mwepesi ukawa wa kunung'unika. Kisha ikawaka taa nyekundu ya onyo. Nilipima, nikamwambia ukweli: betri kubwa ni vipande vingi vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, tunaviita seli, na seli mbili zimechoka. Betri nzima mpya ingemgharimu ng'ombe kadhaa wa maziwa. Seli mbili za mtumba zingemgharimu mbuzi. Alifikiri siku tatu, akachagua mbuzi.

Tulifungua betri yeye akiwa kwenye kigoda. Alipaka nukta nyekundu juu ya kila seli, zile zake na zile mbili nilizomletea, kwa mkono thabiti, akipuliza kila nukta ikauke. Mama hakuja siku hiyo. Alikuwa ameanza kuumwa.

Gari lilipona. Pale gereji lilipita kila kipimo, nikalijaribu mpaka barabara ya Iten na kurudi, betri ikabaki baridi kabisa. Nikamkabidhi. Baada ya miezi michache taa ikawaka tena. Nikapima, nikakuta joto limeipata betri, nikasafisha feni, manyoya tena, nikalijaribu, likapita. Akaenda nalo nyumbani. Likaharibika. Ilikuwa kama gari lina tabia mbili, moja ya kwangu na moja ya kwake, na kila mmoja wetu akaanza kumwangalia mwenzake.

Mara ya mwisho alikuja bila salamu. Asubuhi hiyo nilikuwa na wateja wanne wamekaa wakisubiri, watatu kati yao walimu wa hapa mjini. Nilifungua betri mbele yake. Seli nne zilikuwa zimevimba, mbili zake za zamani na zile mbili zangu. Mwalimu alivaa miwani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Nukta zake hazikuwa nyekundu tena. Zilikuwa za kahawia, zimepasuka kama matope yaliyokauka.

"Hii si rangi ya Mama," akasema.

"Mwalimu, ni hiyo hiyo."

"Fundi, mimi si mtoto. Rangi ya mke wangu naijua. Mmetoa zangu nzima mkaweka mbovu, halafu mkapaka yenu juu." Kisha akasema lile ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa mzaha tu. "Mtu wa ziwa, nilikuamini."

Mimi ni mtu wa ziwa kweli, wa kabila jingine, nilikuja hapa kutafuta kazi kama wengi, na yeye ni mwenyeji wa ardhi hii. Katika mji huu jambo hilo watu hawalisemi mchana kweupe. Alikuwa ameniita hivyo mara mia kwa utani na nikaitika. Siku hiyo walimu watatu waliinua macho kutoka kwenye simu zao. Nilihisi uso ukiwaka, na nilichojibu sikiandiki hapa.

Kufikia mwezi uliofuata nusu ya wateja wangu hawakuonekana. Mwalimu hakunisingizia kwa nia mbaya. Alisema alichoamini, na mtu anayejulikana kuwa hadanganyi akisema kitu watu hawahitaji kupima wenyewe. Niliwaona barabarani wakipita na magari yao kwenda gereji nyingine, wakiniangalia kama mtu aliyefiwa. Nikaanza kuwaza. Kama si mimi niliyebadilisha seli, ni nani? Ufunguo wa gereji tulikuwa nao wawili tu.

Saa ya chakula nilichukua mfuko wa Shemeji nikaumwaga kwenye meza ya kazi. Sikumwita pembeni. Ilianguka bakuli yake ya githeri, kitabu cha nyimbo za kanisa, na soksi. Shemeji aliviokota kimoja kimoja, akavirudisha kwa mpangilio, akachukua koti lake. Alirudi kwao, na mke wangu aliniwekea chakula mezani bila kukaa nami kwa muda ambao sipendi kuukumbuka.

Mama alifariki mwaka huo. Nilienda mazishi, nikasimama nyuma kabisa. Ilipofika zamu yangu ya kumpa pole, Mwalimu alinishika mkono, akanitazama usoni kwa makini kama anayetafuta nukta. Kisha akamgeukia mtu aliyefuata.

Nilisikia habari zake kwa mbali. Kwamba gereji nyingine ilimwambia anunue betri nzima, akawaambia wote ni ukoo mmoja. Kwamba alibandika plasta juu ya taa ya onyo akaendelea kuendesha. Kwamba sasa anakutana na pampu kila wiki na anagombana nazo zote.

Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja nilikuwa Plateau, nimetoka hospitali ya misheni kumwona shangazi yangu aliyelazwa. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, ile ya kwetu ya mawe, na nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha duka. Sikusikia kitu. Niliona tu kioo kinateremka mbele yangu.

"Habari ya kazi?" sauti ikasema.

Ningependa kusema nilikataa. Nilikuwa na hasira ya kutosha. Lakini mawe yalikuwa makubwa, na yeye alikuwa amezeeka ghafla, shingo imepotea ndani ya kola. Nilikwenda mlango wa mbele.

"Hapo hapana," akasema. "Hapo ni kwa Mama. Kaa nyuma."

Kwenye kiti cha mbele palikuwa na Biblia na mfuko wa uzi. Nikafungua mlango wa nyuma, nikainama kuingia, nikabaki vile vile nusu nje nusu ndani, mvua inanipiga mgongoni.

Viti vyote vilikuwa vimevaa vitambaa. Vyeupe, vya kufuma, vyenye maua ya samawati. Kiti cha nyuma kilikuwa kimefunikwa kuanzia juu ya mgongo hadi sakafuni, na pindo zake zilikuwa zimechomekwa kando zote vizuri, kama kitanda cha hospitali.

"Ingia, unalowesha," Mwalimu akasema.

Niliingia. Tulikwenda kilomita kadhaa. Injini ilikuwa ikikohoa na kuwaka mahali ambapo ingepaswa kulala. Mgongo wangu ulianza kuhisi joto kutoka ndani ya kiti. Sikusikia feni. Niliteremsha mkono polepole kando ya mguu wangu, mpaka chini, nikaingiza vidole nyuma ya kitambaa. Matundu ya hewa yalikuwa pale, yamezibwa kabisa, na kidole changu kilitoka na manyoya ya kijivu. Niliyasugua. Ulikuwa uzi mweupe uliochafuka vumbi.

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpigia kelele, na nilimwona kwenye kioo cha kati akiniangalia mimi badala ya barabara, ananilinda nisiibe kitu. Nikafikiri, nikimwambia, nitakuwa namwambia nini? Kwamba kilichoua betri yake ni mikono ya Mama. Nikinyamaza, mimi ni mwizi mpaka nife. Nilikaa na hayo mpaka tulipoanza kuona nyumba za mjini.

"Mwalimu," nikasema. "Hivi vitambaa ulivitia lini?"

"Mwaka wa kwanza wa gari. Hivi virefu vya nyuma alivifuma akiwa mgonjwa. Ndiyo kazi mikono yake iliweza."

"Mbona mimi sijawahi kuviona?"

"Utavionaje?" Alishangaa kweli. "Nikikuja kwako natoa. Navikunja naacha nyumbani. Mngevichafua na grisi. Au mngeviiba."

Nilimwomba asimame kando ya barabara. Alisimamisha gari, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ufunguo. Nilichomoa pindo la kitambaa, nikalikunja juu taratibu, nikamwonyesha matundu. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Alishuka kwenye mvua, akafungua mlango wa upande wangu, akapiga goti kwenye matope na suruali yake nzuri, akaweka kiganja kwenye kiti. Alikiacha hapo muda mrefu.

"Joto," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile rangi ya kahawia."

"Ilikuwa nyekundu, Mwalimu. Iliungua. Hata mimi nilipaswa kuiona, ni kazi yangu. Nilikuwa nimekasirika."

"Mimi nimefundisha joto mpaka chaki zikaisha," akasema, akiwa bado amepiga goti. Kisha akaanza kuchomeka pindo lile tena mahali pake, akakumbuka, akalitoa. Nilimsaidia kusimama. Alinifikisha West Indies.

Wiki mbili hakuonekana. Nikajua tabia yake: amekwenda kupima mwenyewe. Jumamosi asubuhi saluni ya kijivu iliteleza ikaingia gereji, na tulipogeuka alikuwa amekwisha kushuka. Hakuwa na kigoda. Hakuwa na chupa ya rangi. Alikuja pale wateja wanaposubiri, wawili wakiwa wale wale walimu walioanza kurudi kwa sababu gereji nyingine zilikuwa ghali, akasimama kama yuko mbele ya darasa.

"Mlinisikia hapa nikisema huyu ni mwizi," akasema. "Nilikosea. Betri iliharibiwa na mimi. Hii gari nimeendesha wiki mbili bila vitambaa vya nyuma, na imekunywa kidogo kuliko mwezi wote uliopita. Nimepima kwa jerikani." Akanigeukia. "Sasa tengeneza. Weka seli unazotaka."

Akaangaza macho gereji nzima.

"Yule mrefu wako yuko wapi? Shemeji."

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, lakini nilimwambia yote, mfuko, githeri, kitabu cha nyimbo. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ulimpekua kwa sababu ya maneno yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hapana," akasema. "Maneno yalikuwa yangu, mkono ulikuwa wako. Mimi nimesahihisha yangu mbele ya watu. Yako sahihisha mwenyewe."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, akavuka barabara kwenda hoteli ya ng'ambo kunywa chai, akiwa ametugeuzia mgongo. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuliacha gari mahali asipoliona. Alikaa ndani kabisa ya hoteli, kwenye meza ambayo haina dirisha.

Nilifungua mlango. Vitambaa vya mbele alikuwa ameviacha vimevalishwa. Vile virefu vya nyuma vilikuwa vimekunjwa vizuri kwenye kiti cha Mama, juu ya Biblia. Niliwaambia vijana wanaojifunza kazi kwangu asiguse mtu, nikafunga milango, nikaegemea gari na simu mkononi.

Simu iliita, ikaita tena. Kupitia kioo niliviona vitambaa vyote mahali pake, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kuvihesabu. Kisha Shemeji akashika.

"Ni mimi," nikasema. "Usikate."